Meza ya Noeli ipangwe pamoja na meza ya Januari



Kila mwaka ifikapo katikati ya Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam kuja Moshi hujaa. Watoto waliotawanyika kutafuta riziki wanarudi kwa wazazi, na wajukuu wanaletwa kumwona babu na bibi. Wenyewe tunasema kwa utani kwamba watu wanakwenda kuhesabiwa. Nyumba zilizokuwa na wazee wawili na mtoto mmoja wa kuwasaidia hujikuta na watu kumi na watano, na mara nyingine thelathini. Ni jambo la furaha, wala hatuandiki ukurasa huu ili kulipunguza.

Tunaandika kwa sababu ya Januari. Sisi tunaohudumia akina mama na watoto tunauona mwezi ule kwa karibu, na kila mwaka tunajiuliza swali moja. Je, ni lazima furaha ya siku moja ilipwe na tumbo la mtoto kwa mwezi mzima?

MTOTO ALIYELETWA JANUARI

Miaka michache iliyopita, katika juma la tatu la Januari, mama mmoja alimleta kliniki mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi minane. Mtoto hakuwa na homa, wala hakuwa akihara. Alikuwa mnyonge tu, hachezi, na nywele zake zilianza kupoteza weusi wake. Tulipompima tukakuta kilo 8.7. Kadi yake ilionyesha kuwa mapema Desemba alikuwa na kilo 9.4. Mstari uliokuwa ukipanda mwaka mzima ulikuwa umeinama.

Tulimwuliza mama anamlisha nini. Akajibu uji wa mahindi, na ndizi za kupika jioni. Maharage je? "Nesi, maharage tuliuza debe mbili kabla ya sikukuu, tukanunua mchele na soda." Mayai je? Mama akatazama chini. Kuku wote sita walichinjwa kati ya tarehe 24 na tarehe 1, maana wageni hawakuisha.

Nyumba hiyo haikuwa ya walevi wala wavivu. Ilikuwa na kihamba kizuri, na baba alikuwa mtu wa kazi. Walifanya yale ambayo wengi wetu tunafanya. Waliipanga sikukuu kwa makini, na Januari hawakuipanga kabisa. Chakula cha kumjenga mtoto kilitoka ghalani na bandani, kikageuka kuwa wali na soda, kikaliwa kwa siku chache na watu wazima ambao hawakuwa na njaa. Mtoto yule alipona polepole kwa uji wenye karanga, maharage yaliyopondwa na dagaa. Lakini hakuwa na sababu ya kuugua.

SHIBE ISIYOJENGA

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watu maskini wa mbali. La hasha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Na mikoa iliyokuwa na hali mbaya zaidi haikuwa ile ya ukame. Ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambako kiasi cha nusu ya watoto au zaidi wamedumaa. Hiyo ni mikoa ya mahindi, maharage na viazi, mikoa inayolisha wengine.

Fundisho lake ni hili: mtoto anaweza kukosa lishe katika nyumba yenye chakula. Inategemea kipi kinauzwa, kipi kinabaki, na nani anapakuliwa nini. Na kipindi kinachoamua zaidi ni siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Mtoto wa umri ule hana tumbo la kuhifadhi pilau ya Desemba. Anahitaji kidogo kidogo, mara tatu hadi nne kwa siku, kila siku, pamoja na maziwa ya mama. Mwezi mmoja wa uji mtupu kwake ni mrefu sana.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa mafundisho haya. Wenye umri watakumbuka kampeni za redio za mwaka 1973, Mtu ni Afya, na ile ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai, watu walipokusanyika katika vikundi kusikiliza na kujadiliana. Mjadala ule ulikuwa juu ya chakula cha kila siku. Kuhusu chakula cha sikukuu hatujapata kuketi tukajadiliana hivyo, pengine kwa sababu tunaona aibu.

KUPANGA NI KUCHAGUA

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipoueleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, aliwakumbusha wananchi kwamba kupanga ni kuchagua. Neno hilo linafaa nyumbani kama lilivyofaa serikalini. Familia inayosema "tutaona itakavyokuwa" nayo imechagua, ila haikujua imechagua nini.

Maoni yetu ni kwamba baba na mama waketi pamoja kabla ya Desemba kufika nusu, jioni moja, wakiwa na karatasi. Tunasema baba na mama kwa makusudi. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeamua nini kiuzwe na nini kichinjwe, na mama ndiye anayejua kilichobaki jikoni. Wakipanga mbalimbali, mpango haupo.

Waanze na Januari. Waandike kwanza vitu ambavyo havitaguswa: maharage ya kula hadi mwisho wa Februari, mahindi ya kusaga, karanga za uji wa mtoto, mitetea inayotaga, na mbuzi au ng'ombe anayekamuliwa. Waandike mahitaji ya shule. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado vinanunuliwa, na vyote vinadai siku zilezile. Baada ya hapo ndipo waulize: kilichobaki ni kiasi gani? Hicho ndicho cha Noeli.

Wengi hufanya kinyume. Huanza na sikukuu, halafu Januari ikapewa makombo. Tukigeuza utaratibu huu tu, hata bila kuongeza shilingi moja, watoto wengi wataokoka.

Hata katika kuchinja kuna kuchagua. Mtetea mmoja wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano kwa kipindi kimoja, kisha huatamia. Ukimchinja, umechinja na mayai yake na vifaranga vyake. Jogoo hana hasara hiyo. Basi majogoo waende chunguni, mitetea ibaki bandani, ila jogoo mmoja aachwe kwa ajili ya mbegu. Hilo halimpunguzii mgeni hata kipande kimoja.

MEZA YA WATU KUMI NA WATANO

Tuchukue mfano wa nyumba itakayokuwa na watu wazima kumi na watoto watano. Kwa chakula kikuu cha mchana, mchele kilo mbili na nusu watosha pilau, ukiwa na vyakula vingine mezani. Nyama kilo tatu yatosha, au majogoo matatu makubwa. Mtori wa ndizi upikwe kwanza, maana huo ni chakula chetu na ndizi zinatoka kihambani bila kununuliwa. Maharage au njegere kilo moja ziwepo, wala tusione kwamba maharage hayafai sikukuu. Mboga za majani ziwe nyingi: mchicha, kabichi, karoti, nyanya. Desemba ni msimu wa maembe huku tambarare, na mapapai hayakosekani, hivyo kila mtu apate tunda. Mafuta robo lita yatosha kwa pilau hiyo, na kidogo zaidi kwa mboga.

Meza ya namna hii ina nafaka, ina nyama, ina jamii ya kunde, ina mboga na matunda. Atakayesimama pale aseme amepokewa vibaya, huyo hakuja kwa ajili ya ndugu zake.

Kuhusu kupakua, tunaomba jambo moja. Watoto wadogo wapakuliwe kwanza, kila mmoja sahani yake. Mtoto wa miaka miwili akiwekwa kwenye sinia moja na wa miaka kumi, atakula mchuzi na wali, na nyama itakuwa imekwenda. Na mama aliyeamka saa kumi usiku kuwasha moto, naye apakuliwe mapema, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha. Katika nyumba nyingi mpishi hula ukoko saa kumi na moja jioni, akiwa amesimama. Desturi hiyo haina heshima yoyote ndani yake.

HABARI YA SODA

Tunajua hapa tutagusa penye maumivu. Siku hizi nyumba isiyo na kreti za soda wakati wa Noeli huhesabiwa kuwa imekosa. Lakini tufanye hesabu. Chupa moja ya mililita 350 ya soda nyingi za kawaida ina sukari gramu 30 na zaidi, yaani vijiko saba vya chai au zaidi. Kreti moja ya chupa 24 ina zaidi ya gramu 700 za sukari. Ni kama kuweka karibu kilo nzima ya sukari katikati ya meza na kuwaambia wageni waimalize. Hakuna ndani yake cha kujenga mwili.

Sasa kila msomaji aende kwenye duka la karibu, aulize bei ya kreti moja, kisha aulize bei ya kilo moja ya maharage. Agawe mwenyewe. Atakachopata ni idadi ya kilo za maharage ambazo zingebaki ghalani Januari.

Hatusemi soda ipigwe marufuku. Watoto wanaingojea mwaka mzima. Tunasema chupa moja kwa kila mtoto yatosha, na wengine wanywe maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya matunda yasiyojazwa sukari. Kadhalika pombe: mbege ya wazee mezani ni jambo moja, na baba anayemaliza fedha za sare za shule kilabuni tarehe 26 ni jambo jingine.

WAGONJWA WETU MEZANI

Katika kila ukoo wetu leo kuna mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu. Wanafika nyumbani wakiwa na dawa zao mfukoni, nao wanaona aibu kusema. Mwenye nyumba mwema huwauliza mapema.

Kwa mwenye shinikizo la damu, adui ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya vyakula. Mpishi anayetia chumvi, kisha akaongeza vile vipande vya kukoleza mchuzi, ametia chumvi mara mbili. Vitunguu saumu, tangawizi, ndimu na viungo vya pilau vyaweza kubeba ladha bila madhara hayo.

Kwa mwenye kisukari, sahani yake ijazwe mboga nusu nzima, nyama au maharage robo, na wali au ndizi robo. Lakini kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni saa ya kula. Chakula tulichosema kitaliwa saa saba mchana mara nyingi huliwa saa kumi na moja. Mtu aliyechoma insulini, au aliyemeza baadhi ya vidonge vya kisukari asubuhi, akingoja hadi saa hiyo bila kula, sukari yake yaweza kushuka ghafla. Ataanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Wageni watadhani amelewa. Huyo apewe chakula chake kwa saa yake, hata kama mgeni wa heshima bado yuko njiani. Akionyesha dalili hizo naye anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari mara moja, na asipopata nafuu apelekwe hospitali. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni. Wala asiwepo mtu wa kumwambia mgonjwa kwamba leo ni sikukuu, dawa zipumzike.

USALAMA WA CHUNGU

Nyumba nyingi hazina friji, na hata penye friji umeme hukatika. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kupika kiasi kitakachokwisha. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye moto au kwenye baridi. Wali unahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi wali unapochemka, na wali ukilala kwenye joto la kawaida, huamka na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha tena. Pilau iliyolala jikoni usiku kucha kwenye sufuria kubwa isipewe watoto asubuhi. Kama kuna friji, mabaki yagawanywe mapema katika vyombo vidogo ili yapoe haraka, na yapashwe hadi mvuke utoke pande zote.

Kisu na ubao wa nyama mbichi visikate kachumbari. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kwa beseni moja linalozunguka watu kumi na watano.

Wanaochinja nyumbani wamwite bwana mifugo aikague nyama. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe kamwe, hata kama ni siku moja kabla ya Noeli na fedha zimekwisha. Kimeta si mgeni katika mikoa yetu ya kaskazini, na huua. Wapenzi wa kisusio wasikubali damu ambayo haikuchemka vizuri. Nyama ya nguruwe yenye vijipunje vyeupe kama punje za mchele isiliwe, na ile iliyo safi iive hadi ndani. Mtu akila nyama yenye vijipunje hivyo ikiwa haijaiva, hupata tegu, na mayai ya tegu yakitoka chooni yakaingia katika chakula au maji ya wengine, yaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Jambo hili limechunguzwa na madaktari na kuthibitishwa hapa kaskazini, wilayani Mbulu. Choo bora na mikono safi ni sehemu ya mapishi ya Noeli.

OMBI KWA WANAOTOKA MJINI

Tunamalizia na ninyi wana wetu mnaokuja na mabasi na magari. Mzee wenu hatawaambia kwamba ghala limepungua. Atachinja, atauza, atakopa, ili msione upungufu. Mkiondoka tarehe 2 mtaacha nyuma nyumba iliyo kimya, na ndani yake wazee, shemeji anayenyonyesha na mtoto wa miaka miwili.

Basi pigeni simu mapema mseme mtakuwa wangapi na mtakaa siku ngapi. Changieni kabla ya kufika, maana fedha inayofika tarehe 24 jioni haiwezi kurudisha kuku aliyekwisha kuchinjwa. Na kama mnataka kuleta kreti nne za soda, leteni moja, na fedha ya zile tatu ileteni kwa maharage, karanga na dagaa. Wenyeji wasione haya kuomba hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mwenyeji afilisike.

Watu wengine watasema tunaiondolea Noeli utukufu wake kwa kuhesabu punje. Tunawakumbusha kwamba hata siku ile Bwana alipowashibisha watu 5,000 kule jangwani, aliagiza mabaki yakusanywe ili kisipotee kitu, na vikapu 12 vikajaa. Ukarimu na utunzaji vilikwenda pamoja. Na sikukuu yenyewe ni ya mtoto mchanga, aliyezaliwa kwa wazazi waliokosa nafasi. Itakuwa ajabu tukiiadhimisha kwa namna inayomwacha mtoto wetu na uji mtupu.

Tunapendekeza kila familia ijipime hivi. Tarehe 10 Januari, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka, baba na mama waulizane: leo mtoto wetu mdogo amekula nini? Kama kulikuwa na maharage, au yai, au karanga katika chakula chake, na mboga, na tunda, basi Noeli yao ilikuwa njema. Kama hapakuwa na kitu, waitunze ile karatasi, na mwaka huu waanze kuketi Novemba.